Mkono wa Pili

Kuluthum aliukamata waya mwekundu kwa vidole viwili, akaiegemeza bodi kwenye ukingo wa meza, akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena, safari hii akiukunja huku na huku kama anayeng'oa jino la mtoto mkaidi. Haukutoka vilevile. Risasi ya kulehemu ilikuwa imetulia shimoni, inang'ara, ina mteremko mzuri pande zote, na juu yake pametiwa tone la rangi ya zambarau. Rangi ya Margret.

"Shoga, wavuta waya ama wavuta ng'ombe?" Fairuz akamuuliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Navuta kazi. Wewe vuta yako."

Wenzao wakacheka. Margret naye akacheka, tena ndiye aliyecheka kwa sauti nzuri kuliko wote, na hilo nalo Kuluthum akaliweka pamoja na mengine aliyokuwa ameshamwekea.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, mahali ambapo malori hayanyamazi na vumbi halijui siku ya mapumziko. Kiliunga taa za sola. Meza ya akina Kuluthum iliitwa meza ya waya, kwa kuwa hapo ndipo nyaya za betri zilipounganishwa na bodi, kile kibao chembamba cha kijani chenye njia za shaba zinazopeleka umeme. Ukiitazama kazi hiyo kwa mbali utaiona ya kitoto. Lakini taa huanguka. Taa huning'inizwa msumarini kwa waya wake, hukokotwa na watoto, hufungiwa kwenye kapu la muuza samaki. Waya ukichomoka tu, taa imekufa, hata kama vingine vyote ni vizima. Kwa hiyo uhai wa taa nzima ulikuwa mikononi mwa wale wanawake, na wao wenyewe walilijua hilo kuliko waliokuwa wakiwalipa.

Na waliokuwa wakiwalipa walikuwa na ujanja wao. Kuluthum aliingia pale msichana, sasa ana wajukuu, na katika miaka yote hiyo hajapata kuwa mwajiriwa. Alikuwa kibarua wa mkataba. Mkataba ukikaribia kutimia muda ambao sheria ingemfanya awe na haki, alipumzishwa. Ndilo neno lao hilo, kupumzishwa, kana kwamba wamemhurumia. Akae nyumbani Chaani wiki kadhaa, kisha aitwe tena kama mgeni, apigwe msasa wa maelezo kana kwamba hajawahi kuona bodi, avishwe kitambulisho kipya. Kitambulisho cha kibarua kilikuwa na namba tu. Cha mwajiriwa kilikuwa na picha. Bwana Badawi, msimamizi wao, alikuwa na cha picha. Badawi huyo, nje ya lango, akikutana na Kuluthum njiani humwamkia, "Shikamoo, Bi Kuluthum," kama mtoto aliyelelewa na watu. Akishapita lango humwita kwa namba.

Kuluthum aliitaka ile picha. Hakuitaka kama mtu atakavyo pambo. Aliitaka kama mtu anavyotaka kuitwa kwa jina lake.

Margret alikuja mwaka uliotangulia kutoka upande wa ziwa, akiwa amemfuata mumewe aliyepata kazi ya bandari. Badawi alimleta hadi mezani, akamkalisha karibu na Kuluthum, akasema, "Huyu mfundishe," halafu akaenda zake. Kuluthum akamfundisha. Tena hakumfundisha nusunusu.

"Chuna ganda kiasi cha ukucha tu," alimwambia siku hiyo. "Ukikata hata uzi mmoja wa ndani, utupe huo, anza mwingine. Haya, sokota. Sasa paka risasi, waya peke yake, wala usiipandishe hadi ndani ya ganda, maana hapo waya wageuka mfupa. Upitishe kwanza katika hili tundu la pembeni, utokee juu, ndipo uuingize shimoni mwake. Waona? Mtu akiuvuta, avuta bodi, havuti kiungio. Tia joto kwanza, bodi na waya pamoja. Risasi itakuja yenyewe, usiilishe kama mtoto."

"Na nikimaliza, nani atajua ni mimi nimeunganisha?"

"Rangi. Kila mtu ana yake. Tone moja juu ya kiungio. Yangu nyekundu. Wewe utashika hii ya zambarau."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya Vivian."

"Yeye alienda wapi?"

"Alitolewa," Kuluthum akasema, na mkono wake ukasita juu ya bodi.

Akamweleza. Mwaka wa mvua nyingi taa zilirudi kutoka madukani zikiwa zimechomoka nyaya. Wakubwa wakashuka, wakazifungua, wakasoma rangi. Kila aliyeonekana rangi yake alitoka langoni kabla ya adhuhuri, Vivian akiwemo, na viatu vyake vya kazini mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Waliobaki waliinamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza risasi waliyoletewa mwaka huo ilikuwa ya aina gani, wala nani aliinunua, na kwa nini yeye hakutoka langoni. Jioni ile, kwa muuza mahamri ng'ambo ya barabara, ni Kuluthum aliyesema. Alisema kuanzia kesho bodi yake haiendi kwa msimamizi mpaka mwenzake wa ubavuni ameivuta. Avute mara moja, taratibu, kwa unyoofu, na aitazame. Akiridhika, aipitishe. Na akishaipitisha, imekuwa ya wote wawili. Likizuka la kuzuka, aliyeunga na aliyevuta wanasimama pamoja, asiachwe mtu kutoka peke yake.

Wakaliita jambo hilo mkono wa pili. Halikuandikwa popote, halikuombewa ruhusa. Kila aliyekuja akalikuta, akalishika, na taa zikaacha kurudi.

"Hiyo ni poa sana, Bi Kulu," Margret alimwambia. "Ni kama dada na dada."

Kuluthum akaona fahari. Ndio, siku hiyo alimpenda.

Ugomvi wa moyo wake ulianza siku walipokuja wageni. Walikuwa wakubwa kutoka nje, wamevaa kofia za plastiki kichwani kama waliokuja kuona nyumba inayotaka kuanguka. Walipofika meza ya waya mmoja wao alimwona Margret akipokea bodi ya mwenzake na kuivuta. Akauliza ni nini hicho. Aliyeulizwa alikuwa Margret, basi aliyejibu akawa Margret. Akaeleza vizuri, bila kubabaika, kwa Kiingereza chake cha shule, akaonyesha na kwa mikono. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakapiga picha. Kuluthum alikuwa pembeni pale pale, chuma cha kulehemu mkononi, akingoja asikie jina lake. Huenda Margret alilitaja. Kiingereza kilikwenda mbio. Kama alilitaja, halikufika kwa Badawi, kwa sababu wiki iliyofuata Badawi alisimama mbele yao amevaa shati la Ijumaa na kutangaza.

"Wakubwa wamefurahishwa na utaratibu wa Margret," akasema.

Utaratibu wa Margret.

"Kwa hivyo meza hii itapata kiongozi. Ni ajira ya kudumu. Margret atajaribiwa kwa muda, mambo yakienda sawa mwisho wa mwezi ujao anathibitishwa."

Meza ikapiga makofi. Fairuz, ambaye Kuluthum alimshika mkono siku ya kwanza, ambaye alimwuguzia mamake, alipiga makofi mpaka bangili zikalia. Margret akajifunika uso kwa viganja. Kuluthum naye akapiga, maana mikono isiyopiga huonekana. Lakini kijiba cha roho kilikuwa kimeshamkaa, na tangu siku hiyo kila alichokiona kilikuwa chakula chake.

Akaona kwamba Margret akija asubuhi humsalimia Fairuz kabla yake. Akaona kwamba maziwa ya chai yakipungua, kikombe cha Margret hakipungui. Akaona namna Badawi anavyosimama nyuma ya kiti cha Margret, na alivyokuwa hasimami nyuma ya chake ila kuuliza mbona amechelewa. Akamwona Margret amekwenda kusuka nywele vizuri, akajua ni kwa ajili ya picha. Ile picha! Usingizini aliuona uso wa Margret katika kile kipande cha plastiki, umetabasamu, unaning'inia kifuani.

"Bi Kulu, mbona siku hizi hunifundishi kitu?" Margret alimwuliza mara moja, kwa mzaha.

"Kiongozi afundishwa nini?"

"Aa, wacha hizo. Kwani mimi nilijiandikia hiyo kazi?"

"Sijasema."

"Umesema na macho."

"Macho yangu ni yangu, mamaa. Hata hayo wayataka?"

Fairuz akaguna. "Nyie mbona mwaumana mchana kweupe? Kazi yenyewe hajapewa bado."

"Ndiyo maana nasema," akajibu Kuluthum, akatabasamu tabasamu lisilofika popote.

Na mkono wa pili ulikuwa wake. Kwa mpango wa viti, bodi za Margret zilipita kwake. Akawaza kwamba haiwezekani mtu wa juzi asikosee. Lazima kuna kiungio kimoja kilichokaa juujuu kama kidonge, risasi imeganda bila kushika. Akikipata atakiinua juu, meza yote ikione, Badawi akione. Basi akawa anavuta kukitafuta. Anavuta mara moja, halipatikani jambo. Anavuta ya pili. Anaukunja waya kushoto, anaukunja kulia, anauinamisha mpaka ulale juu ya bodi, anaunyanyua. Viungio havikuachia hata kimoja. Kadiri visivyoachia ndivyo alivyozidi kuvichukia, kwa kuwa aliijua kazi ile. Ilikuwa kazi yake. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa yule mwanamke, na ulikuwa umekwenda kupigiwa makofi peke yake.

Margret alimwona. Haiwezekani kutoona, meza ilikuwa ikitikisika. Akainama, akaendelea kuunga.

Taa zilirudi kabla ya huo mwisho wa mwezi.

Badawi aliziingiza ndani ya katoni, asubuhi chai ikiwa ndiyo imemalizika, akazimimina mezani zikagongana. "Zimetoka kwa wateja," akasema. Uso wake haukuwa na salamu. "Zinawaka, zinazima. Ukizitikisa zinawaka tena. Wakubwa wako juu wananingoja. Zifungueni."

Wakachukua bisibisi. Kuluthum akaifungua iliyokuwa mbele yake, akaona zambarau.

Moyo ulimruka kwa furaha, hilo lisifichwe. Aliigeuza bodi mwangani akitafuta kile kiungio kibaya alichokitafuta kwa wiki nyingi. Kilikuwa kizuri. Kinang'ara, kimeshika, mteremko wake upo vilevile. Akaugusa waya, na waya ukalegea kama shingo ya kuku. Haukuwa umechomoka. Ulikuwa umekatika juu kidogo ya kiungio, ndani ya ganda, mahali risasi inapokoma na uzi mtupu unapoanza. Akalichana ganda kwa ukucha. Nyuzi zilikuwa zimekatika zote, ncha zake zimechakaa, zikigusana na kuachana.

Hakuhitaji kuambiwa. Waya unaovutwa kwa unyoofu haukatiki hivyo. Hukatika hivyo unaokunjwa, ukakunjwa, ukakunjwa palepale, mpaka nyuzi zichoke moja moja, halafu ganda linausetiri, unapita ukaguzi, unakwenda kufia nyumbani kwa mtu. Akaiweka ile bodi chini kifudifudi.

"Zambarau," alikuwa akisema Badawi, akizipekua. "Zambarau. Hii pia. Zote zambarau, Margret!"

"Naona."

"Umekata nyuzi ulipokuwa ukichuna. Ndivyo nitakavyowaambia? Juzi nimewaambia wewe ndiwe bora."

Margret alikuwa ameshaichunguza yake. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alichokiona Kuluthum yeye alikiona pia. Akanyanyua macho, akamtazama Kuluthum mara moja, sawasawa, kisha akayashusha.

"Kiungio ni kizima, Bwana Badawi. Waya umekatikia juu."

"Aliyeukata nani?"

Kila mtu pale alijua bodi za zambarau hupita mkononi mwa nani. Kwa kanuni yao ilikuwa sasa wasimame wawili, aliyeunga na aliyevuta. Fairuz alimtazama Kuluthum akingoja. Nje lori lilipiga honi ndefu. Kuluthum alijitia kuokota bisibisi iliyoanguka, ingawa hakuna iliyoanguka.

Margret akasimama.

"Rangi ni yangu," akasema. "Mambo ya kuvuta wacha. Kama kuna mtu wa kupelekwa juu, nipeleke mimi. Hawa wengine waendelee na kazi yao."

Meza ikasononeka kwa sauti moja. "Ewe Mola," Fairuz akasema, akajipangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Ewe dadangu. Mwanamke una moyo wewe." Mwingine akamshika Margret kiganja. Hata Badawi alibadilika uso, akamtazama kama mtu anayetazama kitu alichokiuza kwa bei rahisi.

Na hapo, palepale alipopaswa kuona haya, Kuluthum alichomwa na ule wivu wake vibaya kuliko siku ya makofi. Kwa sababu aliona mbele. Aliona Margret akitoka langoni, na meza hii ikimsimulia miaka na miaka. Mgeni wa juzi, watasema, aliyeibeba meza nzima mgongoni. Kila msichana mpya atakayekalishwa pale atasikia habari za Margret. Na mkono wa pili watauita wa Margret, sasa kwa haki kabisa. Alimpokonya kazi, akampokonya shoga, akampokonya jina la jambo alilolianzisha kwa kinywa chake, na sasa anampokonya hata lawama yake. Hata kufukuzwa Margret angefukuzwa vizuri kuliko yeye!

"Kaa kitako!" Kuluthum akapiga ukelele, na kiti chake kikaanguka nyuma.

Wote wakageuka.

"Kaa kitako, nakwambia. Nani alokutuma unibebee mzigo wangu? Bwana Badawi, taa hizi nimezivunja mimi. Kwa mkono huu. Nimezikunja mpaka zikakatika."

"Umezivunja? Kwa nini?"

"Kwa sababu mlimpa yeye."

"Nini?"

"Mlimpa yeye! Huo utaratibu mlokwenda kuwaimbia wageni ni wa Margret, mliuliza ulianza lini? Ulianza Vivian alipotolewa, wewe ukiwa wanyolewa nywele za utosi. Niliuanzisha mimi. Tukauficha kwenu, kwa sababu kila mlichokijua mlikigeuza kikawa chenu. Na mimi mwenyewe nikauharibu, kwa wivu. Haya. Nenda juu kaandike hivyo, jina langu lote, usiandike namba."

Badawi akaikusanya katoni yake, akapanda ngazi ya chuma iendayo ofisini.

Kuluthum aliinua kiti chake mwenyewe, akakaa. Ajabu ni kwamba hakujisikia mwema. Alijisikia amenyang'anya kitu na kukirudisha nyumbani.

Badawi aliposhuka hakuwatazama machoni, alizungumza na ukuta wa nyuma yao.

"Wakubwa wameona hivi. Kwanza, hakuna tena kuvutiana bodi. Kila mtu na kazi yake. Pili, Bi... wewe, mkataba wako ukiisha mwisho wa mwezi hutaitwa. Tatu, ile nafasi ya kiongozi wa meza wameiondoa. Margret, utaendelea na mkataba kama kawaida. Rudini kazini."

Neno la kwanza kumfika Kuluthum halikuwa lile lililomhusu. Lilikuwa la tatu. Wameiondoa. Margret hatapata! Kitu kikamshuka rohoni, kitamu, baridi, akavuta pumzi ambayo hakuivuta kwa wiki nyingi. Picha haitakuwepo. Yule asiyepata si yeye peke yake.

Kisha akamwona Fairuz anamtazama.

"Wafurahi," Fairuz akasema polepole. "Wallahi, wafurahi. Umefukuzwa, nawe uso wakuchanua."

Kuluthum akajishika shavu, akaona kweli uso ulikuwa umechanua. Na hasira iliyompanda hapo haikuwa ya Margret wala ya Fairuz. Alikumbuka. Alikuwa na kumbukumbu ndefu mno kwa kiwanda kile. Mwaka wa mvua nyingi palikuwa na ahadi pia, ya wafanyakazi wa kudumu kwa kila meza. Taa zikarudi, watu wakatolewa, ahadi ikafa kimya, na waliobaki wakashukuru kwamba wamebaki. Kabla ya hapo palikuwa na ahadi ya kadi za hospitali, ikafia kwenye ugomvi wa watu wa pwani na watu wa bara uliochochewa na mtu aliyekuja mezani kuwanunulia soda. Kila mara kulikuwa na kitu kimoja kilichotupwa katikati ya watu wengi. Kila mara watu walikamatana. Na kila mara, watu walipoachana, kile kitu hakikuwepo, kimerudi juu kwenye ngazi ile ya chuma, na hakuna aliyekiona kikipanda.

"Margret," akaita.

"Sema." Margret alikuwa na bodi mkononi lakini hafanyi kitu. Sauti yake haikuwa na sukari tena. "Usiniombe msamaha saa hii, Bi Kulu. Nitakutusi."

"Sikuombi. Uliniona nikizikunja?"

"Nilikuona kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Mimi mgeni, wewe mwenye meza. Halafu ulinifundisha wewe. Nikasema utachoka." Akaitupa bodi mezani. "Na ujue kitu. Mimi nilikuwa naitaka hiyo kazi. Msinifanye malaika hapa mnalia. Niliitaka, nilikuwa nimeambia mpaka mama yangu kule nyumbani. Niliposimama nilidhani nikijitoa wataniona mkweli, wataniachia."

Kuluthum akamkodolea macho, halafu kicheko kikamtoka puani bila ya kutaka. "Kumbe nawe mwerevu hivyo."

"Sasa nayo imeenda wapi?"

"Hilo ndilo nnalokuuliza mimi. Jana ilikuwako. Ilikuwa na mshahara wake, na picha yake. Taa kuvunjika, nimevunja mimi. Nafasi amevunja nani? Wanifukuze, haya. Lakini nikitoka mimi waseme nani mwajiriwa wa meza hii, awe wewe, awe Fairuz, awe shetani."

"Awe mimi," Margret akasema.

"Tutaona huko juu."

"Awe mimi, Bi Kulu. Wewe umevunja taa."

"Na wewe umevunja desturi, ukaenda kuimwaga mbele ya wageni! Ama wadhani nimesahau?"

"Haya, endeni mkaumanie huko kwao," Fairuz akasema, akavua glavu zake. Akazima chuma chake cha kulehemu. Aliye karibu naye akazima chake. Hakuna aliyetoa amri. Moshi mwembamba uliokuwa ukipanda juu ya meza tangu asubuhi ukakoma, na Badawi, aliyekuwa karibu na ndoo ya maji, akageuka, akawaona Kuluthum na Margret wakielekea ngazini.

"Mnakwenda wapi nyie wawili?"

"Juu," wakajibu kwa pamoja.

"Hamjaitwa juu!"

Ngazi ilikuwa nyembamba, ya kupita mtu mmoja. Kuluthum alifika kwanza na kushika chuma cha pembeni, maana hakuwa tayari hata kidogo kumtazama Margret akitangulia kuonekana. Margret hakukubali kuachwa nyuma. Wakapanda ubavu kwa ubavu, mabega yakisuguana, mmoja akimwambia mwenzake asimkanyage, mwingine akimjibu apunguze makalio, na nyuma yao viti vya meza ya waya vikaanza kusukumwa. Mlangoni Kuluthum alikunja ngumi akabisha hodi, kama alivyofundishwa kwao.

Kabla hodi haijaitikiwa, Margret akausukuma mlango.